Mtoto Wangu Hakufa

Siku uvumilivu uliponiishia nilikuwa na mzigo wa kuni kichwani. Niliingia uani kwangu kutokea upande wa majaruba ya mpunga, nikamkuta mwanamke nisiyemjua amepiga magoti mbele ya binti yangu wa miaka mitano. Magoti yote mawili chini, kitenge kimejaa vumbi kama mtu aliyetembea tangu alfajiri. Mkononi ameshika gauni dogo la njano, jipya, bado limekunjwa kwenye nailoni ya dukani.

"Ukirudi kule," anamwambia mtoto wangu, "mpe hili. Mwambie mama yake hakumtupa. Mama yake alikosa gari."

Mtoto wangu akalipokea kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha kupokea vitu vya wakubwa. Akaligeuza, akaliangalia.

"Nitampa," akasema. "Lakini bado anakohoa."

Yule mwanamke alitoa sauti. Si kilio, si kucheka. Ilikuwa kama sauti ya mtu aliyeshushwa ghafla kwenye maji ya baridi.

Nilitupa kuni. Nilimnyang'anya mtoto lile gauni nikalisukumiza kifuani kwa mwenyewe. "Toka kwangu! Mtoto huyu haendi popote, na hajawahi kwenda popote! Nani amekuelekeza hapa?"

Hakunijibu kwa hasira. Afadhali angenitukana. Alisimama, akakung'uta magoti, akanitazama kwa huruma, mimi niliyekuwa napiga kelele. "Mwenzangu, usimfiche," akasema. "Wewe umerudishiwa. Mimi sikurudishiwa. Sikuombi kingine." Akaondoka na gauni lake kwa njia ileile aliyojia.

Nikamshika mtoto mabega. "Nani kakuambia anakohoa?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Akainua mabega, akaenda kutafuta kuku wake.

Kila mtoto wa kijiji chetu, Namawala, anakohoa, kwa moshi wa jikoni na vumbi la pumba. Najua hilo. Hata hivyo nilikaa juu ya zile kuni mpaka saa ya ugali ikapita.

Nieleze. Wakati huo kijiji karibu chote, na watu wengi wa Ifakara, walikuwa wanaamini kwamba binti yangu alikufa mwezi wa tatu akafufuliwa na mmisionari. Mimi niliyemzaa, na daktari aliyemtibu, ndio tuliokuwa tunajua kwamba hakufa. Daktari yuko mbali na ana wagonjwa wengi. Nikabaki mimi.

Huyo mmisionari alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Sisi tulimwita mtumishi. Kanisa lao silitaji, na mimi si mtu wa kanisa hilo, mimi ni Mkatoliki, wazee wangu walishuka kutoka upande wa Mahenge na rozari zao. Kanisa lao lina utaratibu wa vijana kutoa miaka miwili ya utume. Unapangiwa kijiji usichokijua, huendi kwenu mpaka umalize, huna mchumba, unatembea nyumba kwa nyumba. Yeye alitoka mkoa wa baridi. Alifika kwetu na soksi nene na koti, akalivua koti siku ya pili na sikuliona tena.

Nitasema ukweli, alikuwa mtu mzuri. Hakunibadilisha dini na hakuninunia kwa hilo. Msimu wa kupalilia alikuwa anaingia jarubani na sisi, anang'oa magugu pamoja na mpunga. Jirani yangu mmoja, mwanamke mwenye mdomo, alikuwa akimpigia kelele kutoka upande wa pili: "Mtumishi, kama na roho za watu unazivuna hivyo, huko mbinguni watalala njaa!" Anacheka mwenyewe, anaendelea kung'oa mpunga wetu.

Wamisionari wakibakiza miezi mitatu wanaanza kitu wanachokiita kuaga kwa miguu. Kila nyumba iliyowahi kumpa mmisionari chakula lazima airudie, kwa miguu, akae, ale tena, aombe, aage. Zamu ya nyumba yangu iliangukia siku ambayo mtoto aliamka na homa.

Mume wangu alikuwa Kidatu, anakata miwa. Mama mkwe alikuwa kijijini kwake, Mofu. Simu niliiacha dukani inachajiwa. Kufika saa sita mchana mtoto alikuwa wa moto kama chungu, na mtumishi alipobisha hodi ndio degedege ilikuwa imemshika. Macho yamegeukia juu, meno yamefungana, mguu mmoja unapiga mkeka. Kutoka kwangu mpaka barabarani kwenye bodaboda ni kupita majaruba, kwenye tuta jembamba, na wakati ule wa mvua kila mahali maji. Huwezi kukimbia na mtoto anayerusha miguu. Nikamwambia mtumishi, "Mlaze ubavu, mpanguse na maji, usimwache." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Nikakimbia.

Mvua ilinishukia njiani. Kubwa, ya ghafla, ya kutoona mbele. Nilipopata pikipiki na kurudi ilikuwa imekatika na nyumba ilikuwa kimya. Siwezi kuelezea ule ukimya. Maji yanadondoka kwenye bati, basi. Mtumishi amesimama mlangoni, mikono imening'inia, begi lake mgongoni. Nilimpita. Kwenye mkeka nikaona khanga yangu imetandazwa juu ya kitu kirefu kama mtoto wangu, kutoka kichwani mpaka miguuni.

Kwetu khanga haifiki usoni kwa mtu anayepumua. Hakuna asiyejua hilo, hata mgeni.

Niliivuta. Mtoto alikuwa amefumbua macho. Hakunitazama mimi, alikuwa anatazama pembe ya dari kama mtu anayesoma kitu. Kifua kinapanda, kinashuka. Nilimnyanyua, nikasikia mtumishi nyuma yangu anasema, "Inzi, dada. Nilimkinga inzi."

Tulikwenda zahanati, na zahanati wakatupa gari mpaka hospitali Ifakara. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Sindano, dripu, damu. Siku ya nne aliomba chai na andazi, akala maandazi mawili, akauliza kuku wake anaendeleaje. Kadi tuliyoruhusiwa nayo inasema mtoto alifikishwa akiwa na degedege, hajitambui vizuri, anapumua mwenyewe. Niliisoma mara nyingi baadaye. Neno "anapumua" liko pale, kwa wino wa bluu.

Tukarudi nyumbani. Mtumishi akahamishiwa Ifakara, kwenye nyumba ambako wamisionari wanaomaliza wanakaa wakisubiri sherehe ya kuagwa. Lakini aliendelea kuja Namawala kumalizia nyumba zake. Mimi wakati huo mpunga ulikuwa umeanza kuchanua, nikawa nashinda kwenye dungu nafukuza ndege, mtoto namwacha kwa jirani yule mwenye mdomo.

Kitu cha kwanza kilikuwa shikamoo.

Tulikuwa tunatoka kisimani, mimi na ndoo, yeye na kidumu chake cha lita tatu. Bibi mmoja mzee, mzee kabisa, wa kuinuka kwa kushika ukuta, alikuwa anakuja mbele yetu. Nikavuta pumzi nimwamkie. Kabla sijafungua mdomo, bibi akasimama pembeni mwa njia, akashika fimbo yake kwa mikono miwili, akainamisha kichwa mbele ya mtoto wangu.

"Shikamoo," akasema.

Nikacheka. Nilidhani anatania, maana wazee wetu wanawatania wajukuu. "Bibi, unamwamkia nani?" Hakucheka. Alikuwa anasubiri kuitikiwa. Na mtoto wangu, aliyezaliwa juzi, akaitikia taratibu kama mtu aliyezoea:

"Marahaba."

Bibi akashukuru, akapita. Nyuma yetu wanawake waliokuwa kisimani walikuwa wanatutazama. Hakuna aliyetia ndoo kisimani mpaka tulipopotea.

Nilimuuliza njiani, "Wewe, nani amekufundisha kumwitikia bibi mzima marahaba?" Akasema, "Wananiamkia kila siku. Ukiwa shamba."

Halafu chumvi. Siku moja nilirudi mapema, nikamkuta jirani yangu amemkalisha mtoto kwenye kigoda, amemtilia chumvi kiganjani, chumvi tupu, ya mawe. Mtoto akalamba, akakunja uso, akalamba tena.

"Naomba nyingine," akasema.

Jirani akashusha pumzi. Akaniona. Anayeishi kwetu anajua maana ya ile chumvi. Watu wanasema mtu aliyechukuliwa na wachawi akaonekana tena hajarudi yeye, umerudishiwa msukule, na msukule hali chumvi, anakula pumba.

"Mtoto wangu unampima?" nikamuuliza.

"Dada, usinikasirikie. Nimekutetea. Sasa nitawaambia amekula."

"Utawaambia akina nani?"

"Watu."

"Watu wanasema nini?"

"Si unajua."

"Sijui!"

Akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. "Hujui kweli?" akasema. "Yaani wewe mwenyewe hujui?" Akainuka, akaanza kupepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Aliyeniambia ni mume wangu, kwa simu, kesho yake. Hakunisalimia.

"Mtoto wangu alikufa, hukuniambia?"

"Nani alikufa? Umelewa?"

"Sijanywa. Nimeoneshwa video hapa kambini, kwenye simu. Watu wanne wamenionesha. Wakata miwa wenzangu hawataki kula sahani moja na mimi, wanasema nimezaa kitu. Niambie, alikufa hakufa?"

"Hakufa! Ulizungumza naye juzi!"

Nikasikia kelele za trekta nyuma yake. Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Nilizungumza naye, ndiyo. Lakini sauti ilikuwa nzito kidogo."

Baba yake mzazi. Nilikata simu.

Nilikwenda kwa muuza duka, nikamwambia anioneshe. Alijifanya hajui, kisha akaitoa simu akaiweka juu ya meza, akaniachia niguse mwenyewe. Ni video ya dakika sita. Kanisa lao kubwa la Ifakara, limejaa. Kila mmisionari anayemaliza anasimama kutoa ushuhuda wa kumaliza, na huyu wa kwetu amevaa tai, amekonda. Anasema: mtoto alikata roho mikononi mwangu. Anasema: mama yake alikimbia, nikabaki mimi na maiti. Anasema alimwita jina mara tatu, na mara ya tatu maiti ikafumbua macho. Anataja kijiji. Anataja mtoto jina lake lote, mpaka la babu. Watu wanapiga kelele, wengine wamelala chini.

Mama yake alikimbia. Sasa wewe fikiria.

Jioni ile nilimkuta binti yangu uani amelala chali, amejifunika khanga mpaka usoni, hatikisiki. Nilimfunua kwa nguvu, akalia. "Nacheza," akasema. "Nawaambia wenzangu waniombee niamke, hawataki. Wanakimbia." Nikamuuliza mchezo huo ameutoa wapi. Akasema mtumishi akija anampa biskuti na kumuuliza kule kulikuwaje.

"Na wewe unamjibu nini?"

"Nikisema sijui ananiuliza tena. Nikisema kuna maji mengi anafurahi, anaandika. Nikasema hakuna mbu. Akaandika."

Nilimwambia jirani mtumishi asikanyage tena, na hakukanyaga. Nilidhani yataisha. Watu waliokuwa wanakuja kumwona mtoto wakapunguza. Kwenye darasa la awali watoto walimwachia benchi zima akae peke yake, mwalimu akaniambia nivumilie, watoto husahau. Nikavumilia, tukavuna. Usiku nilikuwa nasikiliza anavyopumua na kujishtukia nahesabu. Na siku nyingine akiwa ameketi mlangoni ananitazama bila kupepesa, na mimi mama yake nilikuwa naangalia pembeni kwanza. Hilo ndilo ninaloona aibu kuliandika, na ndilo lililonitia hasira kuliko yote. Walikuwa wameanza kuninyang'anya mwanangu nikiwa nimemshika.

Ndipo akaja yule mwanamke wa gauni.

Kesho yake asubuhi nilipanda pikipiki mpaka Ifakara, mtoto mbele yangu, kadi ya hospitali kwenye nailoni kifuani. Nyumba ya wamisionari iko nyuma ya kanisa lao. Niliwakuta wengine wametoka, yeye yuko peke yake barazani ananyoosha shati kwa pasi ya mkaa. Kumwona nilisita kidogo. Ngozi ilikuwa imemkaa kwenye mifupa. Macho yalikuwa yameingia ndani. Kama ni kuulizana nani amefufuka pale, mtu asingemwonesha mwanangu.

"Karibu, dada," akasema. Alikuwa hamtazami mtoto.

Nilimtuma mtoto akaone bata waliokuwa upande wa bomba. Nikabaki nimesimama.

"Sikaribii. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Siku ile nilipofika, begi lako lilikuwa mgongoni. Ulikuwa unakwenda wapi?"

Hilo lilikuwa limenijia njiani, juu ya pikipiki, maeneo ambayo barabara ina makorongo. Miezi yote sikuwa nimelifikiria. Mtu anayemwombea mtoto anakuwa na begi mgongoni kwa nini?

Mkono ulisimama juu ya shati mpaka likaanza kutoa harufu ya kuungua. Akainua pasi.

"Nilikuwa naondoka," akasema.

"Ukimwacha nani?"

"Dada, niliweka sikio kifuani. Sikusikia kitu."

"Mvua ilikuwa inanyesha! Bati linapiga kelele! Ungesikia nini?"

"Sikusikia kitu. Akawa ametulia, mguu umeacha kupiga. Nikamfunika. Nikasema watu wakinikuta, mimi mgeni, na maiti ya mtoto wa watu, nyumba haina mwingine, watasema nimemfanya kitu. Nikavaa begi." Alikuwa anaongea kama anasoma. "Nilifika kwenye mpapai wenu. Nikasikia anaita mama."

Nilishika nguzo ya baraza.

"Aliniita?"

"Mara mbili."

"Na ukafanya nini?"

"Nilirudi mpaka mlangoni. Kuingia nilishindwa. Nilikuwa nimeshamfunika, dada. Mtu niliyemfunika anaita. Wewe ungeingia? Nikasimama hapo mpaka ulipokuja."

Kwa hiyo alikuwa chini ya ile khanga, na homa ile, macho wazi, ananiita. Na mtu mzima amesimama mlangoni anamwogopa.

"Na maombi? Kumwita jina mara tatu?"

"Sikumwita."

"Sasa kwa nini hukusema hivyo kanisani?"

"Niseme nini?" Akacheka kidogo, vibaya. "Kwamba miaka miwili imeishia kwenye mpapai, nikikimbia? Wenzangu wana makanisa waliyoanzisha. Mimi nilipata watu watatu, wawili wakahamia Mlimba. Bila ushuhuda huendi chuo cha uchungaji. Nilisimama pale sijui nitasema nini, nikaanza na siku ile, na maneno yakaja yenyewe." Akapangusa uso na lile shati. "Na dada, nikwambie kitu. Sijui kama nilidanganya. Nilimwona amekufa. Halafu nikamsikia anaita. Hapo katikati sijui kulipita nini. Wewe unajua?"

"Najua. Alikuwa anapumua."

"Hukuwepo," akasema.

Aliyasema bila ubaya. Nilijisikia baridi kwenye jua la saa nne la Ifakara. Pale bombani mtoto alikuwa ameacha bata, amesimama anatutazama, wala hakuwa anapepesa. Nikajilazimisha kumtazama. Nilimtazama mpaka akanuna, akanitolea ulimi. Ndio nikarudi kuwa mimi.

"Jumapili mnaagwa," nikamwambia. "Utasimama palepale, kwenye spika zilezile, useme ulivyoniambia hapa. Mpapai na begi. Yote."

"Siwezi bila mzee kuniruhusu."

Mzee ni msimamizi wao. Tulimkuta ofisini, mtu wa heshima zake, miwani, sauti ya pole. Nikampa shikamoo, akaitikia, akamtazama binti yangu, akatabasamu, akaomba amshike kichwa. Nikamvuta mtoto nyuma yangu. Nikaeleza. Kijana alisimama ukutani, ameinamisha kichwa. Mzee alipomuuliza, "Ni kweli?" alisema, "Sijui, mzee," na machozi yakawa yanamtoka.

"Amechoka," mzee akaniambia. "Wote wanapomaliza wanapata mashaka. Shetani anawajia mwishoni. Lakini wewe mama, umepewa mtoto mara mbili, unakuja kulalamika?"

"Nimepewa mara moja, mzee. Leba, hapahapa Ifakara, saa kumi na moja asubuhi, nikachanika na kushonwa. Mara ya pili sindano za hospitali. Kadi hii hapa. Soma. Anapumua."

Hakuisoma. Alisema ushuhuda ukishatolewa unakuwa wa Bwana, aliyetoa hana mamlaka ya kuufuta. Alisema watu wengi wametiwa nguvu. Nikamwambia kuna mwanamke ametiwa nguvu mpaka akamletea marehemu gauni kwangu. Akafunga daftari lake. "Kama una malalamiko, mama, andika. Tuna utaratibu."

Alisema hivyo aniondoe. Anadhani mwanamke wa majarubani hawezi kuandika. Nina kidato cha nne, na Kiswahili nilipata B. Nilinunua karatasi stendi, nikakaa kwenye benchi la fundi cherehani, mtoto akalala mapajani mwangu, nikaandika nakala nne kwa mkono. Karani wa kanisa alitaka niiache mezani. Nilikataa kuondoka mpaka alipogonga mhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Zile nyingine nilizipeleka mwenyewe siku hiyohiyo. Nilichoandika ni hiki:

Kwa Katibu wa Baraza la Kanisa.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA USHUHUDA WA UONGO KUHUSU MTOTO WANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama mzazi wa mtoto wa kike mwenye umri wa miaka mitano, mkazi wa Namawala. Mmisionari wenu alitangaza kanisani kwenu kuwa mtoto huyu alikufa na yeye akamfufua. Mtoto hakufa. Alikuwa na malaria kali na degedege, akatibiwa hospitali. Nimeambatisha nakala ya kadi.

Mmisionari wenu amekiri mbele yangu kwamba hakumwombea. Alimfunika uso mtoto aliye hai na kuondoka, na mtoto alipoita alishindwa kumwendea. Mbele ya msimamizi alisema hajui. Hakusema si kweli.

Kutokana na tangazo hilo mtoto wangu anaogopwa na kuamkiwa na wazee. Amelambishwa chumvi, na anatumwa salamu kwa marehemu. Baba yake ametengwa kazini. Mtoto mwenyewe ameanza kuamini kuwa alikufa, kwa sababu mmisionari alimhoji mara nyingi bila ruhusa yangu na kumfundisha majibu.

Ninaomba yafuatayo. Kwanza, kabla ya kuagwa, mmisionari asimame kanisani kwenu aseme ukweli, na yeye mwenyewe afike Namawala aseme hivyohivyo mbele ya mkutano wa kijiji. Pili, video iondolewe na waliotumiwa wajulishwe kuwa ni uongo. Tatu, daftari alimoandika maneno ya mtoto wangu likabidhiwe kwangu. Siombi anyimwe cheti chake cha utume wala afukuzwe. Alikuwa kijana, aliogopa, hilo naweza kulielewa. Lakini alichoogopa yeye msimbebeshe mwanangu.

Mtoto anaanza darasa la kwanza mwakani. Ninataka aandikishwe na akae na wenzake benchi moja kama mtoto yeyote aliyewahi kuugua akapona.

Naomba nijibiwe kwa maandishi kabla ya Jumapili ya kuagwa. Nisipojibiwa nitakwenda mbele zaidi.

Mama mzazi.

Nakala: Mtendaji wa Kijiji, Namawala.
Ofisi ya Ustawi wa Jamii, Ifakara.